Kuimba kwa Vidole: Wimbo wa Majilio kwenye Piano

Noti ya piano ikishapigwa inaanza kufifia palepale. Nyundo imegusa uzi, imerudi mahali pake, na tangu hapo hakuna ujuzi wa kidole utakaoiongezea sauti nguvu. Kinanda cha mabomba hakina shida hiyo: ukibonyeza, sauti inakaa ileile mpaka uachie. Tarumbeta ina pumzi ya mpigaji. Anaweza kuanza kwa upole akaivimbisha sauti katikati ya noti. Piano haina hewa ya kuitegemeza noti. Kila sauti inayotoka humo tayari iko njiani kwisha.

Sasa chukua wimbo wa polepole, wenye noti ndefu, uliotungwa uimbwe na watu wenye mapafu, uupige kwa chombo hicho. Hiyo ndiyo kazi iliyonikalia mikononi Majilio baada ya Majilio, yaani zile wiki za kuingoja Krismasi. Nawaandikia hasa wapiga kinanda wenzangu wa makanisani. Wengi wetu tumejifunza kwa kusikiliza na kwa solfa, na ni nadra kumpata mtu wa kukaa naye tukazungumza habari za sauti yenyewe: itoke vipi, ishikwe vipi, iachwe vipi.

Wimbo ni "Nun komm, der Heiden Heiland", wa Walutheri wa Ujerumani. Johann Sebastian Bach aliutungia kipande cha kinanda cha mabomba, kile chenye namba BWV 659 katika orodha ya kazi zake, na Ferruccio Busoni akakihamishia kwenye piano. Mimi napiga kwenye usharika mmoja wa miteremko ya Kilimanjaro, kwenye piano ya mbao iliyosimama pembeni mwa madhabahu tangu kabla sijazaliwa. Mji ambao Bach alifanya kazi kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750 ni Leipzig. Na wamisionari Walutheri waliofika kwetu Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa na misioni ya Leipzig. Nilipoviweka vitu hivyo viwili pamoja kichwani kwa mara ya kwanza nilinyanyuka kwenye kiti. Korali tunazoimba, matarumbeta tunayopuliza alfajiri ya Pasaka, namna wazee wetu wanavyosimama kuimba ubeti wa mwisho, vimepita njia ileile. Ndiyo maana sijawahi kukiona kipande hiki kuwa cha wageni.

Wimbo wenyewe ni mkongwe kuliko Ulutheri. Maneno ya Kilatini ni ya Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milan katika karne ya 4. Martin Luther aliyaleta kwenye Kijerumani, yakachapishwa mwaka 1524, na sauti ya kale iliyokuwa ikiimbwa na watawa ikanyooshwa ili mkutano mzima uweze kuishika. Ubeti wa kwanza, kwa maneno yangu, unasema hivi: njoo sasa, Mwokozi wa mataifa, uliyejulikana kuwa mtoto wa bikira, ulimwengu wote unastaajabu kwamba Mungu alikuwekea kuzaliwa kwa namna hiyo. Ni mistari minne mifupi. Mstari wa kwanza na wa nne ni sauti ileile, kwa hiyo wimbo unaishia ulikoanzia, na mpigaji inabidi ajue mapema kwamba atasema neno lilelile mara mbili: mara ya kwanza akiomba, mara ya pili akiwa ameshasikia habari ya katikati.

Kwa tunaosoma solfa, jaribu kitu kimoja. Imba kwa sauti ya chini noti nne za mwanzo jinsi zilivyokuwa enzi za Luther: la, la, so, do. Njia imenyooka, unaruka tu kutoka so kwenda do. Kufikia wakati wa Bach noti ile ya tatu ilikuwa imepandishwa nusu toni. Imba tena: la, la, se, do. Umesikia? Se inataka kurudi la, inavutwa huko kwa nguvu zote, lakini wimbo unaikatalia na kuirusha juu kwenye do. Mruko ni mdogo kuliko ule wa kwanza, na bado ni mgumu zaidi kooni. Maumivu yote ya kipande hiki yamo kwenye hatua hiyo moja. Ukiipiga bila kuisikia, hata upige kipande kizima bila kukwama, hujakipiga.

Bach hakuyaweka maneno yale kwenye midomo ya kwaya. Aliyaachia mikono miwili na miguu. Kwenye kinanda cha mabomba, miguu inapiga besi inayotembea noti mbili kila pigo, karibu bila kusita toka mwanzo hadi mwisho. Juu yake zipo sauti mbili za kati, alto na tena, zinazoanza kwa kuigana kipande cha mwanzo cha wimbo. Kisha soprano inaingia. Inaanza wazi kabisa, la ndefu, se, do, mtu yeyote anayeujua wimbo anautambua. Halafu, kabla mstari haujaisha, inapasuka na kuwa madoido marefu, noti ndogondogo zinazopanda na kushuka na kuzunguka, mpaka sauti ya asili ya wimbo inabaki kama mfupa ndani ya nyama. Kila mstari unakwenda hivyo, na katikati ya mstari na mstari soprano inanyamaza na sauti nyingine zinaendelea kutembea.

Busoni, Muitaliano aliyeishi miaka mingi Berlin, alichapisha mwaka 1898 vipande kumi vya Bach vya namna hii alivyovihamishia piano, na hiki ni cha tatu. Mwenyewe alivitaja kuwa vya mtindo wa chemba, yaani muziki wa chumbani. Hilo lina maana kwa mkono: hakutaka piano ingurume na kujifanya kanisa kuu. Wapo wapigaji wanaokichukua kipande hiki na kukifanya kizito, besi ikitikisa sakafu. Mimi siko upande huo. Sauti ya chumbani inatosha, tena inafika mbali zaidi, kwa sababu anayesikiliza analazimika kusogea kwa masikio yake.

Nianze na mkono wa kushoto, maana mtu akiniuliza hisia za kipande hiki zinatoka wapi, namwonyesha huo.

Besi hii haina cha kuigiza. Haipandi jazba, haiombolezi. Inatembea. Naisikia kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani: hakimbii, hasimami, na shingo haitikisiki. Nilikaa na besi peke yake muda mrefu kabla ya kuiwekea chochote juu, na hata leo kila Novemba naanza upya na besi. Natafuta vitu viwili. Kwanza, kila noti iungane na inayofuata bila kutegemea pedali, kwa kidole kusubiri mwenzake ashuke ndipo kiinuke. Pili, zisilingane mno. Noti mbili za pigo moja zikiwa na uzito uleule kabisa, zinageuka saa ya ukutani. Ya kwanza inabeba kidogo, ya pili inaelekea mbele. Ni tofauti ndogo ambayo msikilizaji hataitaja, lakini akiikosa atachoka bila kujua kwa nini.

Besi ikishatulia, naipiga huku nikiimba soprano kwa mdomo, bila mkono wa kulia kabisa. Zoezi hili ndilo lililonifungulia mlango. Mdomo unapofika kwenye do ile, unataka kukaa. Mwili mzima unataka kukaa. Na mkono wa kushoto haungoji. Unakwenda, pigo kwa pigo. Hapo katikati, kati ya sauti inayotaka kusimama na mkono usiosimama, ndipo moyo unapobanwa. Sihitaji kuongeza kitu. Nikiulegeza mkono wa kushoto ili uifuate sauti, mbano unatoweka na kipande kinakuwa kitamu tu. Madoido ya soprano yana ruhusa ya kuchelewa kidogo au kuwahi kidogo, yanyumbuke juu ya besi, mradi yawahi kukutana nayo mahali panapohusika. Uhuru wa mkono mmoja unalipiwa na uaminifu wa mwingine.

Turudi sasa kwenye noti inayofifia.

Soprano inaanza na G ndefu, ndiyo ile la ya solfa. Ukiipiga, sikiliza. Usihesabu tu, sikiliza: sauti inachanua mara moja, kisha inashuka, na inaendelea kushuka wakati besi inapiga hatua zake chini. Inapofika zamu ya se, yaani F iliyopandishwa, G imebakiwa na nguvu ndogo sana. Swali ni moja: utaipiga se kwa nguvu gani? Ukiipiga kwa nguvu ileile uliyoanzia G, msikilizaji atasikia noti mbili, ngo na ngo. Ukiipiga kwa kiasi kilekile ambacho G imebakiza, hewani, sekunde hiyo, atasikia sauti moja imesogea. Ataapa kwamba piano imeimba. Hakuna aliyeimba, wewe umelinganisha mwanzo wa noti moja na mwisho wa nyingine.

Hii ni kazi ya sikio kuliko ya kidole. Siwezi kuandika kwenye karatasi kwamba se ipigwe kwa kiasi fulani, kwa sababu kiasi hicho kinategemea piano, chumba, watu waliomo, hata mvua. Kanisa letu lina sakafu ya saruji na paa la bati. Likiwa tupu, sauti inazunguka na G inakaa muda mrefu. Jumapili likijaa watu na mavazi yao, sauti inamezwa, G inakufa mapema, na se lazima ianze chini zaidi ya nilivyozoea siku za mazoezi. Vuli ikinyesha kwenye bati, basi hapo hakuna wa kulinganisha na mwenzake. Ninangoja, mchungaji naye anangoja, mpaka ipungue.

Je, sauti ikitakiwa kupanda, kama inavyotaka kwenye mstari wa pili ambako wimbo unakwea? Piano haiwezi kuikuza noti, lakini inaweza kuondoa vilivyoizunguka. Napunguza alto na tena wakati soprano imeshika noti ndefu, na besi nairudisha nyuma kidogo. Noti ya juu haijaongezeka hata chembe, ila sikio linadhani imekua, kwa sababu majirani wamenyamaza. Halafu madoido yanapoanza, kila noti ndogo inapokea kutoka kwa iliyotangulia na kuongeza kidogo sana, na hapo kweli tunapanda. Nimekuja kuamini kwamba Bach aliyajua haya kwa vyombo vyote, si kinanda cha mabomba peke yake. Madoido yake hayajapachikwa juu ya wimbo kwa ajili ya urembo. Ni noti ndefu iliyokataa kufa, ikajigawa vipande ili iendelee kuishi. Kwenye piano jambo hilo linadhihirika kuliko kwenye kinanda cha mabomba, na ni sababu mojawapo ninayoona Busoni alifanya jambo jema.

Kuna ugumu wa mikono ambao sitaurefusha. Soprano mara nyingi inaangukia kidole cha mwisho, kile chembamba, huku vidole vyenye nguvu vya mkono huohuo vimeshika sauti za kati zinazotakiwa ziwe chini. Dawa ninayoitumia ni kupiga soprano kwa sauti kamili na za kati kwa kugusa tu bila kutoa sauti, kisha kuziruhusu zitoke kidogokidogo. Uzito wa mkono wote uinamie upande wa kidole cha mwisho. Pedali naibadilisha mara nyingi na kwa kina kidogo. Kanisa lenyewe ni pedali tosha.

Nyumbani nina kinanda cha umeme chenye vibonyezo vyepesi. Kinafaa kwa kujifunza noti na kupanga vidole, na usiku naweza kuvaa spika za masikioni nisiwaamshe watu. Lakini noti zake hazifi kwa namna ya uzi wa kweli, na umeme ukikatika kazi imekwisha. Kwa hiyo kila ninapoweza napanda kanisani jioni, mlinzi ananifungulia, nafanya zoezi la G na se mpaka giza linaingia.

Pumzi nilijifunza kwa mtu wa tarumbeta. Kwenye sharika zetu matarumbeta ni urithi wa tangu siku za wamisionari, na usharika wetu una mzee aliyepuliza tangu ujana wake. Nilimwomba abaki Jumamosi moja baada ya mazoezi ya kwaya, anipigie sauti ya wimbo peke yake, bila madoido yoyote, nimtazame. Nilikuwa nimeiandika kwa solfa kwenye karatasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete hiyo karatasi."

Aliisoma kimya, vidole vikicheza kwenye vali, kisha akapuliza mstari wa kwanza. Mimi sikutazama tarumbeta, nilitazama mabega. Mwisho wa mstari mabega yalishuka, akakaa, yakapanda taratibu, ndipo akaingia mstari wa pili. Nikamuuliza kwa nini amekaa muda wote ule.

"Mstari unaofuata unapanda," alisema. "Hewa ya mstari uliopita haiwezi kuupandisha. Lazima uvute nyingine, na uivute ukiwa unajua unakokwenda. Ukiivuta harakaharaka, mstari utakufia njiani."

Nilimwomba apige tena, na tena, mpaka nikaanza kuvuta pumzi pamoja naye bila kutaka. Jioni ileile nilichukua penseli na kuweka alama ya pumzi kila mahali ambapo mwimbaji angelazimika kuvuta hewa, hata katikati ya yale madoido marefu, maana ndani yake mna sentensi, si mkufu mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Kabla ya kila kuingia kwa soprano sasa nainua kifundo cha mkono wa kulia na kuvuta hewa kwa pua, kweli kabisa, huku wa kushoto ukiendelea. Mkono unaoshuka baada ya pumzi hauangukii noti kwa namna ileile ya mkono usiopumua. Sielewi vizuri mwili unafanyaje, ila walioketi safu ya mbele wameniambia wanaisikia tofauti.

Kuhusu mahali pa kipande hiki kwenye ibada nina msimamo, na nitausema. Majilio ni kipindi chenye muziki wake. Katikati ya Novemba maduka ya Moshi yameshaanza nyimbo za Krismasi, mabasi ya kutoka Dar yanapanda na watu wanaorudi nyumbani yakipiga nyimbo hizohizo, na ikifika Jumapili ya kwanza ya Majilio masikio ya waumini yameshajaa kengele. Leipzig ya wakati wa Bach ilikwenda kinyume. Jumapili ya kwanza ya Majilio kantata, yaani kazi ndefu ya kwaya na vyombo, iliimbwa, na kwa wimbo huu Bach alitunga mbili, moja Weimar mwaka 1714 na nyingine Leipzig mwaka 1724. Kwenye nakala ya ile ya kwanza aliandika kwa mkono wake utaratibu mzima wa ibada ya Jumapili hiyo ya Leipzig. Baada ya hapo kantata zilinyamaza mpaka Krismasi yenyewe. Kwaya bora ya mji, na mtunzi yule, vilinyamazishwa kwa makusudi wiki kadhaa ili watu wangoje. Naipenda desturi hiyo kwa moyo wangu wote. Siombi tuinakili, lakini naomba kwaya zetu zisipige Krismasi nzima kabla mtoto hajazaliwa.

Basi nilimwomba mchungaji kipande kiwekwe palepale unapowashwa mshumaa wa kwanza, kisiwekwe wakati wa sadaka ambapo watu wanatembea. Usharika wetu haukuwa umeuzoea wimbo huu, kwa hiyo tulipanga hatua: tarumbeta la mzee lipige sauti yenyewe, wazi, mara moja, kwaya iimbe ubeti mmoja kwa Kiswahili, kisha piano. Bila hatua hizo mbili za mwanzo waumini wangesikia madoido bila kuujua mfupa. Nawashauri wenzangu wasiruke hilo. Watu wakishaibeba sauti mdomoni, wanaifuata hata inapojificha, na unaona nyuso zao zikiitambua tena mstari wa nne unaporudi.

Mwisho wa kipande unahitaji maneno yake. Besi, baada ya kutembea muda wote huo, inafika G ya chini na kusimama. Ni mara ya kwanza mkono wa kushoto unatulia. Juu yake sauti nyingine bado zinasogea, soprano inafanya madoido yake ya mwisho, na kipande kilichokuwa G maina toka mwanzo kinafungwa kwa G meja. Kinachobadilika ni noti moja, B iliyokuwa imeteremshwa inapanda nusu toni. Nimesikia wapigaji wakianza kupunguza mwendo mapema sana ili kututangazia kwamba badiliko linakuja, kisha wanaligonga. Mimi naliacha lije lenyewe. Mwendo unabaki uleule mpaka besi imesimama, na hiyo B naipiga kwa kiasi ambacho noti iliyotangulia imebakiza, sawasawa na se ya mwanzo. Kanuni ni ileile toka noti ya kwanza hadi ya mwisho. Isipokuwa hapa, kwa kuwa besi imenyamaza, hakuna cha kushindana nayo, na noti ndogo kabisa inasikika mpaka mlangoni. G ya chini nayo inafifia kabla ya wakati wake, na kinanda cha mabomba kingeishikilia; wapo wanaoigonga tena kwa siri. Mimi naishika kwa pedali tu, na kupunguza sauti za juu ili ionekane bado ipo.

Baada ya ibada mama mmoja wa kikundi cha wanawake alinisubiri nje, akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, kile ulichopiga kilikuwa cha msiba au cha furaha?"

"Ni cha kungoja, mama."

Akafikiri kidogo. "Ndiyo maana upande mmoja ulikuwa hautulii."

Hakuwa amesoma noti hata moja maishani mwake, na alisikia besi. Tangu siku ile sikubali mtu aniambie kwamba waumini wa kawaida hawauelewi muziki huu, au kwamba tuwape tu vyenye ngoma na makofi. Ngoma na makofi navipenda, na navipiga. Lakini watu wetu wamezaliwa kwenye sauti nne, wamekua wakisikiliza besi za baba zao zikitembea chini ya korali, na ukiwawekea besi iliyo wazi wanaifuata mpaka mwisho.

Mwaka huu nina mwenzangu kwenye piano. Ni kijana wa kwaya ya vijana, ana sikio zuri, na amepiga kinanda cha umeme kwa mapambio kwa muda. Nimemkalisha upande wa kushoto, anapiga besi peke yake, nami nimechukua sauti tatu za juu. Kwa namna hiyo kipande kinapigika kabla mkono wa mtu mmoja haujakiweza chote, na ni njia ninayoipendekeza kwa sharika zenye wapigaji wawili wanaoanza. Noti zake zinapatikana bure, kwani Busoni alifariki mwaka 1924 na haki zake zimekwisha muda. Tumemaliza mistari miwili ya kwanza. Anataka tuongeze kasi, nami nataka tubaki hapa mpaka pigo lake la pili liache kulingana na la kwanza. Akishaishika hii nitampa "Ich ruf zu dir", kipande cha tano kwenye mkusanyo uleule wa Busoni. Kina sauti tatu tu, na besi yake nayo inakwenda noti mbili kila pigo bila kusimama, kwa hiyo anachojifunza sasa mkono wake wa kushoto utaanza nacho huko.